Bata Kwenye Helmeti ya Tamsin

Benchi liko nje ya duka la donati, jirani na kituo cha mafuta, na kila Jumamosi asubuhi wazee watatu wa Thunder Bay, huko Kanada, hulikalia utadhani wana hati yake. Jumamosi hii ya Machi theluji ilikuwa inayeyuka na jua limetoka, basi wote wamefungua zipu za makoti. Plagi, fundi umeme mstaafu wa kiwanda cha karatasi, amejimwaga katikati. Kushoto kwake Rada, ambaye hakuna habari ya mji inayompita. Kulia Orville, ambaye tangu afike hajaigusa donati yake, na hilo lilitosha kuwatia wenzake wasiwasi.

— Sema, mzee, Rada akamchokoza. Unaumwa au umefumaniwa?

— TV, Orville akasema.

— TV ipi? Si juzi tu umenunua ile kubwa kama mlango?

— Hiyohiyo. Na spika tano na amplifaya. Picha yake uji mtupu.

Wenzake walijua TV ile ilinunuliwa kwa ajili ya nani. Mjukuu wake, Tamsin, alikuwa kipa wa timu ya hoki ya barafuni ya chuo kimoja kule Halifax, na mwaka huu mechi zao zilianza kuonyeshwa.

— Wiki iliyopita kaniambia, babu, nimechora kitu nyuma ya helmeti yangu, kitafute. Nikatafuta. Naona doa la kahawia. Wachezaji wenyewe wote wafupi na wanene, kama wamevaa magodoro. Usiku kapiga simu, umeona nini? Nikasema bata.

— Ikawa bata? Plagi akauliza.

— Hakusema ndiyo wala siyo. Halafu akasema, sawa, babu.

Ile "sawa, babu" ilimsumbua wiki nzima. Leo saa nane mchana ilikuwa mechi ya mwisho ya Tamsin. Anamaliza chuo, na helmeti inakwenda kabatini. Orville akiikosa leo, atabaki mtu aliyeona bata.

— Ni waya, Plagi akatoa hukumu. Picha ni mvivu, bwana. Inataka waya mnene, tena wenye ncha za dhahabu. Kwenye huo wako wa shaba inatembea huku inasinzia.

— Acha kutupiga kamba, Rada akamkata. Ni friji. Friji lake liko nyuma ya ukuta uleule. Likinguruma linavuta rangi.

— Linavuta linapeleka wapi?

— Kwenye siagi. Angalia siagi yake ilivyo ya manjano.

Plagi akanywa kahawa, akaona ameachwa nyuma, akaongeza mwendo.

— Basi niwaambie ukweli. TV hizi zinatengenezwa nchi za joto. Zikifika huku zinaganda, na picha ikiganda inatanuka, kama maji kwenye bomba. Ndiyo maana watu wanene. Ifunike blanketi tangu saa sita, saa nane unaifunua.

Orville alikuwa akiandika kwenye karatasi ya kufutia mikono: dhahabu, friji, blanketi. Alijua ni upuuzi, lakini mtu aliyekwama huandika tu.

Noreen, mleta barua, akatoka dukani na kikombe chake, mkoba begani. Alikuwa amesikia tangu kwenye siagi.

— Samahani, wazee wangu. Hiyo picha inapita wapi mpaka ifike kwenye TV?

— Inatoka kwenye king'amuzi, Orville akamweleza, inaingia kwenye deki, kutoka kwenye deki inaingia kwenye amplifaya, ndipo TV. Kwa ule waya wa njano.

— Deki? Hii ya kanda?

— Ndiyo.

— Ya nini pale katikati?

Orville akamtazama Plagi. Plagi akatazama kifuniko cha kikombe chake. Mwaka wa themanini na tisa ni yeye aliyepita nyumba kwa nyumba mtaa mzima akifunga deki katikati, ili walioingia kiwandani zamu ya usiku warekodi hoki, waitazame wakirudi. Kiwanda kilishafungwa.

— Mara ya mwisho umerekodi lini? Noreen akauliza tena.

Orville akaikunja karatasi yake.

— Na mimi yangu inapita hukohuko, Rada akasema taratibu.

— TV ilikuja na waya wa HDMI, huu wa kisasa? Noreen akamuuliza Orville.

— Uko kwenye droo ya betri. Hata mfuko sijafungua.

— Basi uchomeke huo moja kwa moja; deki ya zamani inaififisha picha, na TV pana inaitanua, Noreen akasema akicheka, akaendelea na barua zake. Kahawa tatu zikaachwa benchini zikiwa nusu.

Saa nane kasoro robo Plagi alikuwa kapiga magoti nyuma ya kabati la Orville, anapiga chafya kwa vumbi. Akachomoa waya wa njano, akaibeba deki kwa mikono miwili, akaiweka mezani kwa heshima zote. Waya mmoja tu, kutoka king'amuzi moja kwa moja hadi TV. Rada akabonyeza rimoti.

Wachezaji walikuwa warefu. Hata mikwaruzo ya viatu kwenye barafu ilionekana. Dakika ya nne kipa akageukia goli lake kuchukua chupa ya maji, na kisogo cha helmeti kikajaa kwenye kioo: benchi la kahawia, wazee watatu, kila mmoja na kikombe kinachotoa moshi.

Orville alilia, na wala hakuona haya.

— Mbona mimi mnene hivi? Plagi akanung'unika. Hii bado inatanua.

Mechi ilipokwisha simu ikalia. Orville hakungoja kuulizwa.

— Nimeona, mama. Watu watatu, vikombe vitatu, na Plagi kamaliza benchi lote.

Kule Halifax Tamsin akacheka mpaka akakohoa.

— Mwambie ni waya, Plagi akasema.