Stoo Hailazi Mtu

Benchi la nje ya gereji lina miguu mitatu na tofali, lakini lina wataalamu kuliko ofisi nzima ya mipango miji. Ukikaa tu, unamiminiwa kahawa na ushauri wa sheria, vyote vya moto. Jioni hiyo Spana, fundi wa magari, alikuwa kanuna mpaka masikio. Yeye anaishi ghorofani, na ngazi zimeyashinda magoti ya mama yake, kwa hiyo alimjengea chumba uani. Chumba cha maana: dirisha pana, choo ndani, hakuna hata kizingiti cha kujikwaa. Mchana huo mkaguzi wa majengo akaja, akamkuta mama kajilaza.

— Kasemaje? aliuliza Rada, mjuzi wa habari kabla hazijatokea.

— Kasema chumba hakina kosa. Mwenye kosa ni mama.

— Mama kafanya nini?

— Kalala. Kibali ni cha stoo, na stoo hailazi mtu. Kesho asubuhi akimkuta tena, wanavunja.

Macho yote kwa Wakili, ambaye mahakamani alifika mara moja tu, kwa kesi ya betri ya watu. Ndiye aliyesema kibali cha nyumba ya pili uani kina usumbufu, bora Spana aombe cha stoo.

— Usinitazame hivyo, mdogo wangu, Wakili akasema. Kibali ulipata, hukupata?

— Nilipata.

— Basi. Kumlaza bi mkubwa humo ni ubunifu wako.

— Ulijua namjengea nani.

— Nilijua. Sikujua kama ana usingizi wa mchana.

Spana akapiga funda la kahawa, ikamuunguza ulimi. Afadhali, angalau alipata kitu kingine cha kukasirikia.

— Sema ni mlinzi wa stoo, Rada akashauri. Mlinzi kulala kazini ni jambo la kawaida.

— Mlinzi mwenye mkongojo?

— Si ndiyo silaha yake.

— Au mwandikishe kama mali, Wakili akadakia. Stoo inatunza mali. Kwani mama si mali?

— Wako ungemwandikisha?

— Wangu alishatangulia. Angekuwepo, wangenitambua. Ningelala mbele ya greda.

— Hata mimi, Rada akasema. Na wanangu wote.

Wakiwa bado wanagombania nani alale upande wa tairi, mama akatokeza kwenye kona ya gereji, mkongojo mkononi, mto wa kulalia kwapani. Shikamoo zikatoka kwa sauti ya chini.

— Marahaba, wanangu. Nimewasikia mnavyonipigania, Mungu awabariki. Kibali kingine hatujui kitatoka lini. Hadi hapo, nani kati yenu ana chumba cha chini nikalale?

Wakili akachungulia ndani ya kikombe. Spana alijifuta grisi viganjani, akajifuta tena, mikono ikabaki vilevile.

Hatimaye Rada akasogea kidogo, na Wakili naye akasogea. Mama akapata nafasi ya kukaa.