Maharagwe Meupe ya Koplo Wasswa

Madeleine: Haloo? Nani anaita? Namba siijue.

Resty: Habari nyabo. Mimi naitwa Resty, niko barakisi ya jeshi, Mbarara. Wewe ndiyo yule mama wa kambi ya wakimbizi Nakivale anapika maharagwe meupe na kuku?

Madeleine: Ndiyo, ni miye Madeleine. Napikaka hapa Base Camp, pembeni ya kliniki. Uko muzuri, mama?

Resty: Mzuri. Nataka unifundishe.

Madeleine: Ku simu? Basi, haiko nguvu, ni rahisi tu. Maharagi unaiacha mu maji siku muzima, kisha unaitokosa bila chumvi—

Resty: Na kuku?

Madeleine: Kuku unachemusha pembeni, unaondosha mifupa, unaipasua na vidole. Unakaanga tunguru, tomate, pilipili moja, unachanganya yote. Moto kidogo-kidogo.

Resty: Pilipili. Bwana yangu alikuwa hapana kula pilipili. Sasa juzi anauliza mbona sijaweka.

Madeleine: Bwana yako ni nani?

Resty: Koplo Wasswa. Namba yako iko kwa simu yake. Ameandika "Maharagwe".

Madeleine: Haloo? Netiwaki inakata-kata—

Resty: Haikati. Nasikia unapumua. Kila Jumanne ananiambia naenda Kikagate, kazi ya mpaka. Kumbe iko kwako.

Madeleine: Mama, miye niko muntu wa kanisa. Anakulaka, analipa, anaenda.

Resty: Atoke Mbarara sababu ya maharagwe? Mimi sio mtoto, nyabo.

Madeleine: Haiko yeye peke. Jumanne bantu bako mingi ku foleni. Bakitoka pale banakuya kukula, juu ile dawa haipende tumbo tupu.

Resty: Dawa gani?

Madeleine: Ile ya kliniki, mama.

Resty: Hapa barakisi dawa iko. Kwa nini aende mbali?

Madeleine: Mwenye hapende benzake bamuone, anaendaka mbali.

Resty: Anaumwa nini?

Madeleine: Umuulize yeye. Miye niko mupishi tu.

Resty: Nimekuuliza wewe. Na eataimu ya simu yangu inaisha, usinizungushe.

Madeleine: Ile mimba iko na miezi ngapi?

Resty: Nani amekuambia niko na mimba?

Madeleine: Yeye. Alilia hapa, chakula ikapowa mbele yake.

Resty: Alilia?

Madeleine: Sikiliza muzuri. Kesho asubui wende bakupime damu. Ukianza dawa mbiyo, mutoto anaweza kuzaliwa muzima. Bengi hapa balizaa bazima, nabaona na macho.

Resty: Ni ile... hapana. Usitaje jina.

Madeleine: Sitaji.

Resty: Nilikuwa nataka iwe wewe. Mwanamke ningekuja kupigana naye.

Madeleine: Najua, mama. Pole.

Resty: Ameanza kuja hapo lini?

Madeleine: Oo, ni zamani. Ni kama miaka tatu.

Resty: Tatu?

Madeleine: Tatu, ndiyo. Juu ya nini unauliza ile?

Resty: Sisi tumeoana mwaka jana.

Madeleine: Mungu wangu. Mama, kesho wende, unasikia? Usimungoje yeye. Haloo? Mama?