Nyongeza ya Bi Harusi

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni na mlio kazini, kaeni nasi kidogo. Leo tunamkumbuka Bi Harusi Hamed, muuza mafuta ya kupima wa Ngamiani. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na miwili. Ni Bi Harusi Hamed, mzaliwa wa Mwera kule Pangani, aliyeuza mafuta ya kula Ngamiani kwa miaka arobaini.

Chini ya meza aliweka madumu ya lita ishirini. Juu yake yalikaa makopo matatu: la lita, la nusu lita na la robo. Alipofungua duka, mwalimu, karani na kuli wa bandari wote walipimiwa nusu lita. "Mwenye nyumba na mpangaji wake walikuwa kopo moja," alipenda kusema.

Kopo la nne lilikuja miaka kumi baadaye. Lilikuwa kikopo kitupu cha nyanya ya kopo, kwa wateja walioomba mafuta ya mlo mmoja tu. Miaka hiyohiyo wengine wakaanza kubeba dumu zima. Mwaka hadi mwaka dumu likatoka, kikopo kikatoka, kopo la nusu lita likashika kutu.

Siku moja akapita Bwana Godlisten, mtu wa takwimu, akiuliza kaya zinapata nini na zinatumia nini.

"Shikamoo mama. Mji huu umetajirika au umefukarika?"

"Marahaba. Umetajirika, mwanangu. Ona madumu yanavyotoka. Lakini hebu shika hili la katikati."

Vidole vya Godlisten vikarudi vyekundu. Akauliza wenye kopo lile wamekwenda wapi.

"Wachache wamepanda kwenye dumu. Wengi wameshuka kwenye kikopo. Andika hivyo, na kutu uiandike."

Lakini Bi Harusi naye alikosea, wala hakuwahi kuficha. Huku kwetu tunaijua nyongeza: ukishapimiwa, muuzaji anakutilia kidogo cha juu. Yeye nyongeza aliwapa wenye madumu, wasije wakahama. Wa kikopo hawakupata hata tone. Mwanasiti, muuza vitumbua wa Mabawa, siku moja akasubiri mpaka mwenye dumu aongezewe.

"Bi Harusi, yule unayemwongezea ana gari. Mimi nakuja kwako mara mbili kwa siku, na unanikung'utia kikopo kama unafukuza kuku."

Duka zima likacheka. Bi Harusi hakucheka.

Bintiye, Lina, anakumbuka: "Mama hakula mchana ule. Alasiri akaniambia, kuanzia leo nyongeza ni ya kikopo. Mwenye dumu akiitaka, na anunue kikopo."

Wateja watatu wa madumu wakahama. Lina akalalamika: "Mama, tutakula nini?"

"Tutakula kidogo. Kikopo si tunacho?"

Duka halikufungwa. Wenye vikopo wakaletana, mmoja kwa mmoja, mpaka foleni ikafika kwa fundi baiskeli.

Bi Harusi alipougua, Lina alisema kikopo kinachosha, heri wauze madumu tu. Mama hakubisha. "Nikiondoka duka ni lako. Utaamua mwenyewe." Basi mtaa mzima ukawa unangoja: Lina atakiweka kikopo, au atakitupa?

Baada ya hitma, Lina alifungua mlango. Wa kwanza alikuwa Mwanasiti na chupa yake. Hakutaja nyongeza. Lina akapima kikopo, akamimina, akasimama kidogo. Kisha akakichovya tena.

"Hii ya mama," akasema.

"Na yako?" akauliza Mwanasiti.

Lina akacheka huku machozi yakimtoka. Akachovya mara ya tatu.

Kwa Lina, na kwa jamaa wote wa Mwera na Ngamiani, poleni sana. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake ni marejeo. Amrehemu Bi Harusi Hamed.

Nawe msikilizaji, leo ukienda dukani, tazama ni kopo lipi limeshika kutu. Kisha utazame nyongeza inamwendea nani.