Kuonja Kwanza

"Mhudumu wa mkahawa alinimiminia divai kidogo, akasimama akinitazama," mzee Obadiah alimwambia Gesare, jirani yake wa kiti. Mzee alikuwa ametoka kumtembelea bintiye Ufaransa, na basi lilikuwa linakaribia Masimba, kituo chake cha kushuka. "Nikamrudishia glasi. Kwetu mwenyeji huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu."

"Akaonja?"

"Alicheka. Hata binti yangu alicheka. Kumbe kwao mgeni ndiye huonja, aseme kama divai ni nzuri."

Gesare, Msabato asiyejua hata harufu ya divai, alitaka kumuuliza kama hatimaye aliinywa, lakini mzee akaendelea.

"Tangu mke wangu afariki, mama, hakuna anayenionjea kitu."

Gesare alifungua chupa yake ya uji wa wimbi, akamimina kwenye kikombe, akapiga funda moja, akampa.

Kondakta aliita Masimba mara mbili, lakini mzee hakuinuka mpaka alipoumaliza.