Damu Changamfu ya Fundi Moto

Ndugu waombolezaji, anayewasomea ni dada mkubwa wa marehemu, na karatasi aliyopewa asubuhi na baba mdogo, isemayo marehemu aliugua kwa muda mfupi, ameikunja akaitia mkobani, kwa sababu maneno hayo hayo yalisomwa kwa babu, yakasomwa kwa baba, na leo hatayarudia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1978, akamaliza shule ya msingi mwaka 1992, akajifunza ushonaji kwa mjomba wake, na mwaka 1999 akafungua chumba chake cha kushonea, ambako wateja walimwita Fundi Moto, kwani zilikuwapo wiki alizoshona bila kulala, akiongea mfululizo, akikata suti ambazo hakuna aliyeziagiza, na ukoo, badala ya kushtuka, ukapiga vigelegele, ukasema hiyo ndiyo damu changamfu ya kwetu. Wiki nyingine alijifunika shuka gubigubi, cherehani ikashika vumbi, akaitwa mvivu.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 2002, wakajaaliwa binti mmoja, ambaye yupo hapa.

Mwaka 2011 daktari alisema wazi kuwa ni bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, kwamba hurithiwa katika ukoo kama wetu, na kwamba pombe ingemmaliza, lakini baba mdogo, loo, akasema kwetu hakuna vichaa, vidonge akavitupa chooni, akawa anamletea chupa ya kumlaza, kama alivyolazwa babu, kama alivyolazwa baba. Akalala kweli, kisha akawa halali bila chupa, kisha mikono ikatetemeka hata uzi haupiti kwenye sindano, na yule yule aliyemzoesha akawa wa kwanza kumwita mlevi. Kinyaa kitupu!

Alilazwa hospitalini tarehe 2 Juni mwaka huu, ini likiwa limekwisha, akafariki Jumapili iliyopita, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuazima viti, na mafundi wenzake waliomalizia nguo za wateja wake. Baba mdogo, wewe hushukuriwi, maana jana binti wa marehemu, siku ya tatu hajalala, alikuwa anafua mapazia ya nyumba nzima huku akicheka peke yake, nawe ukammiminia glasi, ukasema damu ya kwetu hiyo. Glasi imemwagwa, na kesho shangazi yake, huyu anayesoma, anampeleka kwa daktari yule yule, apende asipende mtu.

Lala salama, Fundi, mwanao atalala kwa dawa.