Santuri ya Nicodemus Kadenge

Jamaa, majirani na marafiki mliofika kutufariji, kwa idhini ya mama yetu Dama, mimi Mbodze, kifungua mimba wake, nawasomea maisha ya baba yetu, Nicodemus Kadenge, aliyezaliwa Ribe tarehe 3 Mei 1936, akasoma huko huko hadi darasa la nane, mwaka 1954.

Mwezi Februari 1956 aliajiriwa gatini Mbaraki, akaendesha winchi ya kuinulia mizigo ya meli hadi kustaafu mwaka 1991, na ni huko baharia mmoja alikomwachia santuri ya jazi iliyorekodiwa ukumbini mbele ya watu, hata ukiisikiliza wawasikia wakikohoa, wakicheka, na mpiga piano akiguna kwa raha. Baba alisema wanamuziki wale hawakujua wanakoelekea, lakini hakuna aliyemwacha mwenzake njiani, na saksafoni ilipopanda hadi ukumbi mzima ukainuka, naye aliinuka, hata kama yuko mezani anakula.

Alifunga ndoa na mama tarehe 12 Disemba 1959, wakapanga nyumba mtaa wa Kuze, wakajaliwa sisi watatu, Mbodze, Masha na Stacy. Mama aliiita santuri ile vurugu, kwa hivyo msikilizaji mwenzake akawa jirani yetu Mzee Aidarus, fundi wa gramafoni, ambaye alipitia kwetu kila akitoka msikitini alasiri.

Mngurumo wa winchi ulimla masikio, na kufikia mwaka 1993 hakusikia tena. Hakulalamika, ila aliifunika gramafoni kwa leso. Siku moja mama aliifunua, akaweka santuri, akamshika baba mkono na kumpigia mwendo wa ngoma kiganjani, huku akimtamkia polepole ili aisome midomo yake, "Sasa yuaingia wa saksafoni, Baba Mbodze. Sasa watu wanainuka." Baba akainuka, machozi yakimtoka, kwani mke aliyeinung'unikia santuri miaka yote ile alikuwa ameihifadhi nzima moyoni. Tangu siku hiyo waliisikiliza pamoja.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 1995, akalazwa, na alasiri ya tarehe 9 Machi 1996, mama alipoanza kumpigia kiganjani, baba alimwambia, "Leo wacha jazi, Dama, nishike tu." Mama akamshika hadi alipokata roho.

Twawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa gatini, Mzee Aidarus na watu wote wa Kuze, walioacha shughuli zao wakaja kukaa nasi.

Baba, pumzika kwa amani, mama tuko naye.