Nyumba Iliingia, Nyota Zikakataa

Kwenye benchi la Mama Waridi, karibu na soko la Kasongo, kahawa huanza saa kumi alasiri na kwisha watu wanapochoka kubishana. Siku hiyo waliobishana walikuwa wawili: Antena, fundi wa simu, na Avoka, yaani Wakili, mbeba abiria kwa baiskeli, ambaye hajawahi kukanyaga mahakama lakini husema kama anaitetea dunia. Kati yao alikaa Muzaliwa, mpiga picha za vitambulisho, na picha moja magotini. Binti yake Nadine, aliye Salamabila mwaka wa tatu sasa, alikuwa ameomba kitu kimoja tu kwa simu: foto ya kwao, nyumba na nyota zake, kwa sababu huko taa za machimbo zimefuta mbingu. Pikipiki ya kuibeba ingeondoka kesho. Na kwenye picha hiyo, juu ya paa, zilionekana nyota nne.

— Nne, papa? alisema Antena. Kasongo yote iko na nyota nne?

— Kamera ndiyo inakata, alijibu Muzaliwa.

— Ni sababu ya kapteri, Antena alisema, kile kijisahani cha ndani kinachopokea mwanga. Yako ni kidogo, na lenzi ni ya kamera kubwa. Lenzi inaleta mbingu yote, kapteri inapokea ya katikati tu. Mama Waridi akimimina sufuria nzima mu glasi yako, utakunywa ngapi?

— Kwa vitambulisho haijanisumbua. Kichwa na mabega vinaenea.

— Si urudi nyuma! alidakia Avoka.

— Nilirudi mpaka mu shamba ya mihogo. Nyumba ikakuwa kama kiberiti. Nyota zikabakia zile zile.

Avoka alikunywa kwanza.

— Basi napinga. Ile lenzi ilitengenezwa Ulaya, inajua nyota za kule. Za huku haizitambui.

— Tuiombee viza!

— Cheka tu, Antena. Kuna na mambo ya zahabu. Zahabu ya Salamabila inavuta nyota. Kila mwaka zinasogea upande ule.

— Sasa mbona Nadine hazioni?

— Zimeisha kuingia mu udongo, ndugu! Unafikiri wale watu wanachimba nini?

Mama Waridi alicheka mpaka akaweka birika chini. Muzaliwa naye alitabasamu, ila hakuinua macho.

— Dawa ni lenzi fupi, ya kuona pana, Antena alisema polepole. Milimita kumi, kumi na mbili. Labda Bukavu. Hapa kwetu haiko.

— Na pikipiki ni kesho, alisema Muzaliwa.

Hapo akafika Bisimwa, mwenye pikipiki hiyo, vumbi la barabara ya Kabambare limemjaa mpaka nyusi. Aliomba kahawa, akasimuliwa yote, akaishika picha kwa ncha za vidole.

— Ni nzuri hii. Lakini mlango mulifunga? Hata taa haiko?

— Nilizima, mwanangu, nikafunga. Mwanga ungeharibu nyota.

— Ah. Sasa papa, Nadine akiniuliza, «Papa yangu iko wapi humu?», nimujibu nini?

Muzaliwa, aliyepiga sura za nusu ya Kasongo, aliipokea picha yake, akajitafuta kwenye kona zote nne.